Diski Imekufa, au Waya Umeoza? Kutafuta Hitilafu ya Hifadhi Kwenye Seva ya Nyumbani

Watu wanaoendesha seva majumbani mwao hapa Mtwara na Lindi bado ni wachache, lakini si wachache kama zamani. Yupo mpiga picha za harusi mwenye video za misimu kadhaa, yupo mwalimu aliyekusanya mitihani ya miaka mingi, na ipo familia iliyochoka kupoteza picha kila simu inapoibwa. Kwa kawaida seva yenyewe ni kompyuta ya mezani iliyokwishatumika, iliyonunuliwa Kariakoo, ikaongezewa diski mbili hadi nne na kuwekwa mfumo wa bure kama TrueNAS au OpenMediaVault. Inakaa kwenye kona ya sebule na kufanya kazi bila kumsumbua mtu. Kisha siku moja folda inagoma kufunguka, au ukurasa wa usimamizi unaonyesha neno DEGRADED, yaani kundi la diski limepungukiwa, na kauli ya kwanza ya mwenye seva ni kwamba diski imekufa.

Pengine imekufa kweli. Lakini taarifa ile ya kwenye skrini ni mwisho wa safari ndefu. Data hutoka kwenye sahani za diski, ikapita kwenye bodi ndogo iliyo chini ya diski hiyo, ikafuata waya hadi kwenye kidhibiti kilichomo kwenye bodi kuu, ikaingia kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), ndipo ikaifikia programu inayoziunganisha diski zote kuwa kundi moja la hifadhi. Jambo likiharibika popote katika njia hiyo, programu iliyo juu haioni pale palipoharibika. Inaona tu kwamba diski fulani haikujibu, au ilijibu vibaya, na jina la diski hiyo ndilo linaloandikwa. Kwa hiyo kazi ya mwanzo ni kuamua kosa limezaliwa katika ngazi ipi kati ya tatu: diski yenyewe, njia inayoihudumia pamoja na umeme wake, au mpangilio wa kundi. Kwa maoni yangu, hitilafu ya kwanza mara nyingi huwa ndogo kuliko madhara ya tiba iliyofanywa kwa pupa, kwa sababu mtu aliyeng'oa diski isiyo na kasoro na kuiacha ile mbovu ndani amegeuza tatizo la kurekebishika kuwa msiba.

Kabla ya kugusa chochote

Anza kwa kupunguza maandishi yanayoingia kwenye kundi. Simamisha programu zinazoandika zenyewe, kama zile za kupakua video, za kamera za ulinzi na za kupokea picha kutoka kwenye simu. Usikimbilie kuzima mashine, kwa sababu mbili. Diski ya zamani iliyozunguka muda mrefu bila kusimama inaweza isiamke ikishapoa, na kumbukumbu za matukio ambazo amri ya dmesg huzionyesha zimo kwenye RAM, hivyo hupotea mashine inapozimwa. Ipo hali moja inayobadilisha ushauri huu: ukisikia diski inagonga kwa mpigo unaojirudia, maana yake ni kwamba kichwa cha kusomea hakioni njia yake. Diski hiyo izimwe mara moja, maana kila dakika inayoendelea kuzunguka inaweza kuikwangua sahani.

Baada ya hapo hifadhi ushahidi. Matokeo ya zpool status -v kwa kundi la ZFS, au yaliyomo katika /proc/mdstat kwa kundi la mdadm (ZFS na mdadm ni programu mbili za kuunganisha diski kuwa kundi), pamoja na dmesg na smartctl -x, inayosoma hali ya afya ya kila diski, yanakiliwe kwenye kompyuta nyingine au yapigwe picha kwa simu. Kumbukumbu hizo ndizo utakazozirudia kesho kuona ni namba ipi imesogea, na katika kazi hii namba inayosogea ina uzito kuliko namba kubwa.

Andika pia namba ya utambulisho (serial number) ya kila diski, ile ndefu iliyochapwa kwenye lebo yake, na si majina kama sda au sdb. Majina hayo hutolewa na Linux kwa mpangilio wa diski zinavyojitokeza wakati wa kuwaka, kwa hiyo sdb ya jana inaweza kuwa sdc ya leo, hasa diski moja ikichelewa kuamka. Majina ya kudumu yako kwenye /dev/disk/by-id, nayo hubeba modeli na namba ya diski. Kipande cha selotepu ya karatasi chenye tarakimu nne za mwisho, kikibandikwa upande wa diski unaoonekana kasha likifunguliwa, hakigharimu kitu.

Kuzisoma safu tatu

ZFS ilizaliwa katika kampuni ya Sun Microsystems na kutolewa wazi mwaka 2005, na sifa yake kubwa kwa mtu wa nyumbani ni kwamba haiamini diski. Kila kipande cha data huandikwa pamoja na hesabu ya uhakiki, na kila kinaposomwa hesabu hiyo hupigwa upya na kulinganishwa. Mifumo mingi ya zamani hukubali chochote ambacho diski imekileta ilimradi diski haikulalamika. ZFS hukagua, ikikuta tofauti huchukua nakala nzima kutoka kwenye diski nyingine ya kundi, hurekebisha, kisha hulihesabu kosa.

Hesabu hizo zinaonekana kwenye safu tatu za zpool status, yaani READ (makosa ya kusoma), WRITE (ya kuandika) na CKSUM (ya hesabu ya uhakiki). Tuchukue mfano wa studio ya picha pale Chikongola, yenye diski nne za terabaiti 4 zilizopangwa kwa mtindo wa RAIDZ1, ambao huvumilia kupotea kwa diski moja. Ni mwezi wa Desemba, fedha za korosho zimeingia, harusi zimefuatana na seva haipumui. Mbele ya diski ya tatu zinaonekana sifuri, sifuri, na 214.

"Fundi, diski ya tatu imekufa. Niagizie nyingine leo leo, nisikose basi la kesho," anasema mwenye studio kwenye simu.

"Tulia kwanza, bosi. Hiyo haijakataa kusoma wala kuandika. Inaleta kitu ambacho si kile tulichokiweka."

Jibu hilo la fundi lina maana kubwa. Hesabu ikiwa kwenye READ au WRITE, ombi lilipelekwa na likashindikana: diski ilisema haiwezi, au ilinyamaza mpaka muda ukaisha. Hesabu ikiwa kwenye CKSUM peke yake, diski ilijibu kwa ujasiri kabisa, lakini jibu lilikuwa limeharibika mahali fulani. Diski inayokufa kwa uzee huonekana zaidi kwenye READ, kwa kuwa nayo ina njia yake ya ndani ya kugundua sekta (kipande kidogo cha sahani) iliyoharibika na kukiri. Makosa ya CKSUM bila READ hunielekeza kwanza kwenye njia: waya, kidhibiti, RAM au umeme.

Angalia vilevile jinsi makosa yalivyogawanyika. Yakiwa kwenye diski moja tu, mtuhumiwa ni diski hiyo au waya wake. Yakitokea kwenye diski mbili au tatu kwa wakati mmoja, acha kuwaza kwamba zimekubaliana kufa siku moja na utafute kile zinachokitumia kwa pamoja, yaani pawa saplai, kadi ya kidhibiti, au RAM. RAM hupimwa kwa programu ya memtest86+ iliyoachwa usiku kucha, na kosa hata moja linatosha kuitoa.

Diski inasema nini juu ya afya yake

Kila diski ya kisasa huweka daftari lake liitwalo SMART, na smartctl hulifungua. Lina mistari mingi ambayo haikuhusu, na watengenezaji hawakukubaliana jinsi ya kuijaza, kwa hiyo diski ya kampuni moja inaweza kuonyesha tarakimu za kutisha ambazo kwake ni za kawaida. Usisome yote. Mstari wa 5 huhesabu sekta zilizokwisha kuhamishiwa kwenye akiba. Wa 197 huhesabu sekta zinazosubiri uamuzi: diski ilijaribu kuzisoma ikashindwa, lakini bado haijazihamisha kwa sababu haijui data iliyokuwamo. Sekta ya namna hiyo ikiandikwa upya kwa mafanikio, hesabu ya 197 hushuka na sekta hubaki kazini. Ikishindikana kuandikwa huhamishwa, na mstari wa 5 hupanda. Ndiyo maana kuona 197 imeshuka hadi sifuri si lazima kuwe habari njema wala mbaya mpaka utazame kilichotokea kwenye 5. Wa 198 huhesabu sekta ambazo jaribio la ndani la diski limeshindwa kuzisoma.

Halafu upo mstari wa 199, ambao watu wengi huusoma vibaya. Huu huhesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na kidhibiti, nayo ni makosa ya njia. Haurudi sifuri kamwe, hata waya ukibadilishwa, kwa hiyo diski iliyonunuliwa ikiwa imetumika inaweza kuja na makosa mia tatu yaliyofanywa na waya wa mtu mwingine na ikawa nzima kabisa. Swali ni kama unapanda.

Kuhusu uzito wa ishara hizi, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na watafiti wa Google, uliofuatilia zaidi ya diski laki moja, bado unafaa kukumbukwa. Diski iliyopata kosa lake la kwanza la kushindwa kusoma ilipochunguzwa ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko ile isiyo na kosa hilo. Lakini utafiti huohuo ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote katika mistari minne iliyo na nguvu zaidi. SMART ikikuonya, iamini. Ikinyamaza, usiichukulie kama cheti cha afya. Kwa sababu hiyo sipendi ule muhtasari wa neno PASSED ambao programu nyingi huuonyesha kwa kijani. Diski inaweza kuwa na sekta mamia zinazosubiri uamuzi na bado ikatangazwa imefaulu.

Ukitaka kuihoji diski zaidi, amri ya smartctl -t long huiamuru ijisome yote kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa diski ya terabaiti 4 kazi hiyo huchukua saa nyingi, na diski inaendelea kutumika wakati huo. Jaribio likikwama kwenye sekta fulani hali waya hauhusiki, kwa kuwa linafanyika ndani ya diski, hukumu imepatikana.

Chumvi, joto na umeme

Katika mfano wetu wa Chikongola, mistari ya 5, 197 na 198 ilikuwa sifuri, jaribio refu lilimalizika salama, na 199 ilipanda kila video kubwa iliponakiliwa. Waya ulipochomolewa na kumulikwa kwa tochi ya simu, vile vijino saba vya shaba vilivyopakwa dhahabu ndani ya soketi ya SATA havikuwa na mng'ao sawa: viwili vilikuwa na ukungu wa kijani kibichi pembeni, na kimoja kilikuwa na doa jeusi pale kinapogusana na diski. Huo ndio upepo wa bahari. Nyumba za Shangani, za Mikindani na zile zilizo karibu na ghuba ya Lindi huvuta hewa yenye chumvi madirisha yanapokuwa wazi, na chumvi hiyo ikikutana na unyevunyevu wa masika huanza kula metali polepole, hasa upako wa dhahabu ukiwa mwembamba kama ilivyo kwenye nyaya za bei ya chini.

Tiba ni kuubadilisha waya kwa mwingine wenye klipu ya kufungia, si kuukwangua. Upande wa diski, usafi hufanywa kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, mashine ikiwa imezimwa, na kukauka kabisa kabla ya kuwashwa. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha waya, ukahamisha tundu la kidhibiti na kuiweka upya diski kwa mkupuo, tatizo linaweza kupotea usijue kilichokuwa kibovu, na ule waya mbovu utarudi kwenye droo kusubiri siku yake. Njia nzuri ya kuthibitisha ni kubadilishana: mpe diski ya tatu waya wa diski ya pili, na ya pili waya wa ya tatu. Makosa yakihamia kwenye diski ya pili, waya umejishtaki wenyewe; yakibaki kwenye ya tatu, rudi kwenye diski.

Umeme unahitaji jicho la peke yake. Diski kubwa ya inchi 3.5 hunyonya takriban ampea 2 kwenye volti 12 wakati inapoanza kuzunguka, kwa hiyo diski nne zikiamka pamoja huomba karibu wati 96 kwa sekunde chache, kabla ya kuihesabu bodi kuu. Pawa saplai ya kompyuta ndogo ya ofisini, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya diski moja na imeshazeeka, huweza kuyumba hapo, na diski moja ikakosekana kila mashine inapowashwa lakini ikaonekana ikiwashwa tena. Mtu ataibadilisha diski hiyo mara mbili bila mafanikio. Vigawanya-umeme vya bei rahisi vinavyotoa vichwa vinne kutoka kimoja huleta dalili zilezile, na vile vya plastiki iliyomiminwa juu ya nyaya vimewahi kuyeyuka na kuwaka moto, kwa hiyo viepukwe.

Kisha kuna kukatika kwenyewe. Mikoa ya Mtwara na Lindi kwa miaka mingi ilitegemea umeme wa gesi ya Mnazi Bay ikiwa nje ya gridi ya taifa, na kila mwenye seva huku anajua jinsi umeme unavyoweza kuondoka na kurudi mara kadhaa katika jioni moja. Kwa diski nyingi, SMART ina mstari wa 12 unaohesabu kuwashwa na wa 192 unaohesabu mara ambazo kichwa kililazimika kurudishwa ghafla kwa kukosa umeme. Namba hizo mbili zikikaribiana, diski haijawahi kuzimwa kwa heshima. Stabilaiza hurekebisha volti zinazopanda na kushuka kuzunguka 230, lakini haiwezi kitu umeme ukiondoka. Kinachohitajika ni UPS (kifaa chenye betri ya akiba) iliyounganishwa na seva kwa waya wa USB, pamoja na programu kama NUT inayoiamuru mashine ijizime betri inapoelekea kuisha. UPS isiyo na waya huo inaahirisha anguko kwa dakika kumi tu.

Joto nimeliweka mwisho makusudi. Utafiti ule wa Google haukukuta uhusiano mkubwa kati ya joto la wastani na vifo vya diski, na watengenezaji wengi huruhusu hadi nyuzi 60. Feni moja inayopuliza mbele ya diski inatosha, mradi seva isifungiwe kabatini.

Neno juu ya makasha ya USB: diski kadhaa ndani ya kasha moja la nje hutegemea chipu moja ya kutafsiri na adapta moja ya umeme. Chipu ikijiwasha upya, diski zote hupotea pamoja kwa sekunde mbili, na kundi linaweza kusimama kwa neno SUSPENDED, yaani limesitishwa. Hakuna diski iliyokufa hapo. Kwa kundi la kudumu mimi nisingetumia makasha hayo. Kwa nakala ya pembeni yanafaa sana.

Kundi lenye kasoro tangu kuzaliwa

Wakati mwingine diski ni nzima, nyaya ni safi, na bado kundi linasumbua kwa sababu ya jinsi lilivyojengwa. Kundi la ZFS huundwa na vikundi vidogo, na ulinzi unakaa ndani ya kila kikundi, si juu ya kundi zima. Kikundi kimoja kikipotea, kundi lote limepotea. Mtu mwenye RAIDZ1 ya diski nne akiishiwa nafasi, akaongeza diski ya tano kwa amri ya zpool add, ameunda kikundi kipya cha diski moja isiyo na mwenza. Mfumo humwonya na kukataa, lakini akilazimisha kwa -f hukubali, na kuanzia hapo data mpya zinaanguka pia kwenye diski ambayo kifo chake kitaondoka na vyote. Kwa kuwa kundi lina kikundi cha RAIDZ, ile diski haiwezi kutolewa tena kwa amri. Njia iliyobaki ni kuipa mwenza kwa zpool attach iwe kioo, yaani diski mbili zenye data zilezile, au kunakili kila kitu na kulijenga kundi upya.

Malalamiko ya nafasi nayo huja mara kwa mara. Diski ya terabaiti 4 huonyeshwa kama 3.6 kwa sababu mtengenezaji anahesabu kwa makumi na mfumo unahesabu kwa mawili; hakuna aliyeibiwa. Mtu akifuta video za gigabaiti mia mbili na nafasi isirudi, aangalie kama kuna snapshoti (nakala ya hali ya mafaili ya wakati fulani), kwa kuwa hizo hushikilia vipande vya zamani mpaka zenyewe zifutwe. Kundi likijaa zaidi ya asilimia 80 hivi, ZFS huanza kuhangaika kutafuta nafasi na uandishi huwa mzito, hali ambayo wengi huidhania kuwa ni diski inayokufa.

Uzito wa kuandika una chanzo kingine kinachofichika zaidi. Zipo diski zinazoandika kwa mistari inayolaliana kama mabati ya paa, mtindo uitwao SMR. Ili kubadilisha mstari mmoja, ile iliyoulalia lazima iandikwe upya. Kwa nakala za kukaa diski hizo hazina ubaya, lakini kazi ya kujenga upya kundi huzilemea hadi zikachelewa kujibu, na mfumo ukazitoa nje kama mbovu. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya modeli za diski zake za Red, zilizouzwa kwa ajili ya seva ndogo, zilitumia mtindo huo bila kuandikwa wazi. Kabla ya kununua, tafuta modeli kamili kwenye orodha ya mtengenezaji, na kama muuzaji hajui modeli, usinunue.

Kubadilisha diski bila kupoteza zilizobaki

Ikithibitika kwamba diski ndiyo mbovu, kuna uamuzi wa kufanya kabla ya bisibisi: je, data muhimu zina nakala mahali pengine? Kundi la RAIDZ1 lililopoteza diski moja halina akiba tena, na kazi ya kujenga upya ndiyo itakayozisoma diski zilizobaki kwa nguvu kuliko siku nyingine yoyote. Kwa mwendo mzuri wa megabaiti 150 kwa sekunde, kuijaza diski ya terabaiti 4 huchukua saa saba na nusu hivi, na kwa kawaida huzidi hapo. Nakili kwanza vile ambavyo havina mbadala, yaani picha za marehemu, kazi ambazo wateja hawajachukua na hati za kiwanja, uviweke kwenye diski ya nje. Baada ya hapo ndipo ujenzi uanze.

Kama tundu la ziada lipo, unganisha diski mpya huku ile mbovu ikiwa bado ndani, kisha tumia zpool replace. ZFS itasoma kutoka kwa zote, na sekta ambazo diski mbovu bado inaweza kuzitoa zitasaidia pale diski nyingine itakapokwama. Kuing'oa kwanza ni kujinyima msaada huo. Umeme ukikatika katikati, ZFS huendelea kutoka kwenye alama ya mwisho iliyohifadhi, kwa hiyo hakuna haja ya kuanza upya wala kuingiwa na hofu.

Diski mpya yenyewe ni suala la mipango. Mei 2024, mvua za kipindi cha kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi na Mtwara eneo la Somanga, mzigo wowote wa basi ulikuwa hauwezi kupita. Aliyekuwa na diski ya akiba kwenye droo alilala usingizi. Asiyekuwa nayo alibaki na kundi lililopungua. Akiba hiyo ipimwe kwa jaribio refu siku inaponunuliwa, si siku inapohitajika.

Kundi lisipofunguka kabisa baada ya kuwaka, usiunde kundi jipya juu ya diski zilezile, hata kama ukurasa wa usimamizi unakuonyesha kitufe hicho peke yake. Amri ya zpool import bila jina lolote haibadilishi kitu. Huorodhesha makundi yanayoonekana na diski zinazokosekana. Diski ikiwa haipo kwenye orodha, rudi kwenye waya na umeme. Zote zikiwepo, fungua kwa zpool import -o readonly=on, ili data zisomwe na kunakiliwa bila kuandikwa kitu kipya. Kulirudisha kundi nyuma kidogo kwa -F kuje baada ya kujaribiwa na -n, ambayo hueleza kama jambo hilo lingefanikiwa bila kulifanya. Na diski isiyo katika kundi lolote ikianza kufa, GNU ddrescue ndiyo ya kuikopi: huchukua kwanza sehemu rahisi, huandika ramani ya zilizogoma, kisha huzirudia, ili diski isichoshwe na sekta moja mbovu hali zingine nzima zinasubiri.

Baada ya ukarabati, zpool status -v inaweza kubaki na orodha ya mafaili yenye makosa ya kudumu. Orodha hiyo ni zawadi: inakutajia kwa majina video tatu zilizoharibika kati ya elfu kumi, badala ya kukuacha uzigundue mteja akiwa mlangoni. Futa mafaili hayo na uyarudishe kutoka kwenye nakala. Ukiona tarakimu na herufi zisizosomeka badala ya jina, mara nyingi faili limeshafutwa au limeshikiliwa na snapshoti, ambayo nayo itabidi iondoke. Kisha tumia zpool clear kurudisha safu tatu kwenye sifuri na uanzishe zpool scrub, inayosoma na kuhakiki kila kipande. Orodha ya makosa inaweza kuonekana hata baada ya ukaguzi wa kwanza kumalizika salama, kwa kuwa ZFS hukumbuka pia makosa ya ukaguzi uliotangulia. Endesha wa pili, na baada yake linganisha mistari ya 5, 197 na 199 na zile kumbukumbu ulizohifadhi siku ya kwanza.